Kosa la Mtumiaji

4 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na wifi yangu. Hapa tu wazima kiasi. Mama goti limerudi kumsumbua, anatembea akishika kuta, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeona kaburi lake limeshachimbwa. Mwanangu mkubwa kafaulu hesabu, wa pili kafeli na wala hana habari. Paa la jikoni tuliliziba mwezi uliopita. Hizo ndizo habari za nyumbani, nimezimaliza.

Nimekupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa kwenye kikao. Mara ya pili ukasema utanipigia. Mara ya tatu, nilipotaja mfumo wa hospitali, ukaniambia mambo ya kazini kwenu hayazungumzwi kwenye simu, ukakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Desemba tulimlaza wodini kwangu mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu, ana maambukizi kwenye damu. Mama yake ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kazi nyuma ya posta. Mtoto alipimwa: kilo tisa. Iliandikwa kwenye kadi iliyoning'inia kitandani kwake. Muuguzi wa zamu, binti aliyekuwa na wiki mbili tu kwetu, alifungua mfumo wenu, akatafuta jina la mtoto, mfumo ukamkokotolea dozi ya sindano. Akaifuata kama ilivyo, siku tano. Dozi ile ilikuwa ya mtoto wa kilo ishirini na moja.

Homa ilishuka, tukafurahi, mtoto akaruhusiwa. Katikati ya Januari mama yake akamrudisha. Aliniambia, "Muuguzi, naangusha mkasi nyuma yake, hageuki." Dawa ile ikizidi inaharibu masikio. Tumempima mara mbili. Hasikii, na hatasikia.

Yule binti amesimamishwa kazi. Kampuni yenu imeleta barua ya mistari minne: mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa, kilichotokea ni kosa la mtumiaji. Wewe ndiye unayetengeneza mfumo huo, na Mama ana miaka mitatu anawatambia majirani kwa ajili yake. Nataka uandike kwa mkono wako kwamba mfumo unaweza kukosea. Tume ya uchunguzi itakaa mwisho wa Juni. Sikuombi kama dada yako. Nakuuliza kama msimamizi wa wodi.

Dada yako

27 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Hapa ni baridi tu na kazi. Wifi yako amehamia ofisi ya karibu na nyumbani, anakusalimu sana. Nimemtumia Mama sweta na bandeji ya goti, ile ya kuvuta. Aivae mchana, akilala aivue. Na huyo aliyefeli mwambie mjomba wake naye aliwahi kufeli hesabu, asijione wa pekee.

Kuhusu mtoto, nimesikitika. Ila Dada, kompyuta haimpimi mtoto uzito. Anayempima ni mtu, na anayeshika sindano ni mtu. Uzito unaonekana kwenye skrini. Kama muuguzi ana mtoto wa kilo tisa mkononi, skrini inamwambia ishirini na moja, na yeye hashtuki, mimi hapa sijui niandike programu gani ya kumshtua. Hospitali zaidi ya mia zinatumia mfumo huu huu, na watoto wanatibiwa.

Wewe hujui tunavyoishi sisi. Kila siku tunapokea malalamiko. Huyu kasahau nywila, yule kabonyeza mara mbili, mwingine kamwagia chai kibodi, na wote wanaandika maneno mawili: mfumo mbovu. Ningekuwa naamini kila mmoja wao nisingefika jioni.

Halafu usiniandikie kama msimamizi wa wodi. Mimi nina mkataba. Wakili wa kampuni ametukusanya na kutuagiza tusiandike chochote kuhusu hospitali yenu, kwa yeyote. Hata barua hii sikutakiwa kuiandika. Nakuheshimu, wewe ndiye uliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza shuleni, lakini usinifanye shahidi wako.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Sweta limefika, Mama kalivaa kanisani na msibani na sokoni. Bandeji anasema inambana kuliko ndoa ilivyombana, ila kaivaa. Wa pili nimemfikishia salamu za mjomba wake, amefurahi kupita kiasi, sasa hafungui kitabu kabisa. Ahsante kwa hilo.

Umenieleza habari za chai kwenye kibodi. Mimi nina miaka ishirini na miwili wodini na sijamwagia kitu chochote chai. Sasa nisikilize nikueleze nilichofanya Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, na karani wa wodi amekaa pembeni yangu akiandika.

Nilifungua faili la mvulana aliyelazwa kwetu Desemba amevunjika mguu, kilo ishirini na moja. Bila kulifunga, nikafungua faili la kichanga cha miezi mitatu. Jina juu likabadilika. Umri ukabadilika. Kwenye kisanduku cha kukokotoa dozi, uzito ukabaki ishirini na moja. Nikarudia. Nimerudia mara kumi, na mara zote kumi umebaki. Ukitaka ubadilike lazima kwanza ulifunge faili la yule wa mwanzo kwa kile kitufe cha pembeni. Nani anafunga faili, kwenye wodi ya watoto thelathini na wawili na wauguzi wawili?

Unasema uzito unaonekana. Unaonekana kwako, wewe mwenye skrini kubwa kama mlango. Kwetu uko chini kulia, rangi ya kijivu, herufi ndogo kama zile za kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa. Yule binti alilisoma jina mara mbili, kama tulivyomfundisha. Jina lilikuwa sahihi.

Na hili si jipya kwenu. Agosti tuliwaandikia, humo humo kwenye mfumo, kwenye ile fomu yenu ya hitilafu. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi na moja. "Kosa la mtumiaji. Imefungwa." Dakika kumi na moja, bwana mkubwa. Mimi kumtafutia mtoto mshipa wa dripu hunichukua muda zaidi ya huo. Nani aliisoma taarifa ile? Namtaka mtu huyo. Usiniambie habari za mkataba.

Dada yako

22 Aprili

Mdogo wangu,

Mwezi umepita. Mama anauliza kama uko hai, nimemwambia uko hai ila una kazi nyingi. Nimeanza kumdanganya mzazi wetu kwa ajili yako, sijui nitaendelea mpaka lini.

Yule fundi, mama wa mtoto, huja wodini kila Ijumaa, ingawa hana tena cha kufuata. Anakaa kwenye benchi la korido, mtoto mapajani. Juzi nilimuuliza kama nimsaidie kitu. Akasema, "Nasubiri mtu aniambie."

Tume itakaa tarehe 27 Juni. Ukiamua kunyamaza na kula jiwe, kula. Lakini nijibu kwamba umelila.

Dada yako

9 Mei

Dada, shikamoo.

Niko hai. Mwambie Mama nilikuwa na mafua makali, na ni kweli nilikuwa nayo. Wifi yako anakusalimu. Anasema tangu barua zako zianze kuja mimi siongeleki, nyumba imekuwa kama chumba cha kusubiria daktari.

Umeandika kurasa nne za kuniuliza, na mimi nina swali moja. Kama mlijua tangu Agosti kwamba uzito unaganda, ilikuwaje Desemba muuguzi hajui? Mnajitia malaika, wachafu ni sisi wa kompyuta. Ile karatasi mliyoibandika pembeni ya skrini, yenye maneno FUNGA LA KWANZA KABLA YA KUFUNGUA LA PILI, Desemba ilikuwa wapi? Ingekuwepo, yule binti angeisoma. Mtoto angekuwa anasikia. Hilo sijaliona popote kwenye hasira zako zote.

Nani aliisoma taarifa hiyo si hoja. Taarifa ni nyingi na watu ni wengi. Hoja ni nani aliyekuwa kitandani kwa mtoto.

Usiniandikie tena kwa lugha ile. Mimi si mtoto wa kwenye benchi lako.

Mdogo wako

24 Mei

Mdogo wangu,

Mama amefurahi kusikia ulikuwa na mafua. Ametamka hivyo hivyo. Afadhali mafua kuliko alichokuwa anakifikiria.

Mimi kila barua ninayokuandikia naandika nakala, ni tabia ya wodini. Nimezitoa zote nikazisoma neno kwa neno. Hakuna mahali nilipokuandikia habari ya karatasi. Habari ya karatasi imeandikwa mahali pamoja tu duniani, mstari wa mwisho wa taarifa tuliyowatumia Agosti: "Kwa sasa tumebandika karatasi yenye maneno haya." Na maneno umeyanukuu yote, bila kukosea herufi.

Kwa hiyo umeisoma. Umeisoma lini?

Nakuuliza kwa mara ya mwisho, halafu sitakuuliza tena, nitakwenda kuuliza mbele ya tume, watu wakisikiliza. Aliyeandika "Imefungwa" ni nani?

Habari ya karatasi tutaiongea kwa wakati wake.

Dada yako

7 Juni

Dada,

Nimekosa namna ya kukusalimia, nisamehe.

Ni mimi.

Nilipopata barua yako ya Februari niliitafuta namba ya hospitali yenu kwenye taarifa za zamani siku hiyo hiyo. Niliiona ile ya Agosti, na chini yake nikaona jina langu, kabla sijakuandikia yale ya kompyuta kutompima mtoto. Kwa hiyo nilikuwa najua wakati nakujibu. Andika hilo kwenye nakala zako.

Nikueleze ilivyokuwa, na usinikatize. Ilikuwa Alhamisi, nina taarifa arobaini na tatu mbele yangu. Ofisini kwetu kuna ubao unaoonyesha nani amefunga nyingi kwa mwezi. Agosti nilikuwa wa kwanza, nikapigiwa makofi. Yako niliijaribu, sikuifunga hivi hivi. Kwenye kompyuta yangu ya majaribio wagonjwa wote ni wa kubuni, na niliyewabuni ni mimi. Kwa uvivu niliwapa wote uzito mmoja, kilo kumi na mbili. Nikafungua wa kwanza: kumi na mbili. Nikafungua wa pili: kumi na mbili. Nikaona hakuna tatizo, kuna muuguzi asiyejua anachofanya. Nikaandika maneno yale, nikaenda kunywa chai.

Sikujua ni hospitali yenu. Taarifa zinakuja na namba tu. Lakini hata ningejua, sidhani kama ningeisoma vizuri zaidi, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya taarifa yenu, na nyingine sita kutoka hospitali nyingine zinazosema jambo lile lile. Tatu nilizifunga mimi, tatu wenzangu. Maneno ni yale yale, tuna kitufe chake, unabonyeza mara moja yanajiandika. Sikuzipata kwa ruhusa. Wakikuuliza nani amekupa, sema ni mimi. Kuficha nimechoka.

Nimemaliza yangu. Sasa zamu yako. Umeniandikia kwamba karatasi tutaiongea kwa wakati wake, kama mkubwa anayemwambia mtoto atajua akikua. Wakati wenyewe ni huu. Usiende mbele ya tume ukazitoa karatasi zangu, ya kwako ukaiacha kabatini.

Mdogo wako

3 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo, goti limepungua. Watoto wako likizo na nyumba haikaliki.

Bahasha ilifika siku tano kabla ya tume. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sina la kukwambia ambalo si tusi. Mtu mzima mimi, nilikaa jikoni na zile karatasi saba, na neno lililonijia ni kwamba ulinidanganya Februari ukiwa na ukweli mkononi, na ukaniwekea hapo hapo habari za kamba za viatu. Hilo bado sijalimeza.

Tulikaa kwenye ukumbi wa mikutano. Mwenyekiti ni yule daktari mzee wa upasuaji. Upande mmoja wakili wenu na kalamu zake tatu, upande mwingine yule binti na baba yake. Fundi alikaa mbele kabisa, mtoto mapajani anachezea kifuniko cha chupa.

Nilitoa karatasi zako. Wakili akasimama akasema hizo ni nyaraka za ndani, zimepatikana kwa njia isiyo halali. Mwenyekiti akamuuliza, "Ni za uongo?" Akasema hilo si suala. Mwenyekiti akasema, "Basi kaa." Akazisoma zote saba kwa sauti, na kila alipofika mwisho alisoma yale maneno yenu. Mara ya nne watu walianza kuangalia chini.

Ningeweza kuishia hapo, hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu. Ujue hilo. Sikusema kwa sababu wewe ulinitaka niseme.

Nilisimama nikawaeleza kwamba karatasi niliibandika mimi na niliibandua mimi. Oktoba walikuja wakaguzi, tukaambiwa tusafishe kuta, tuondoe kila kilichobandikwa na gundi. Nikaibandua, nikaitia kwenye droo, nikijua nitairudisha wakishaondoka. Sikuirudisha, kwa kuwa sikuihitaji. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea kufunga faili, unafunga wenyewe bila kuniuliza. Nikasahau kwamba mkono wa mtu mwingine haujui. Yule binti alipokuja nilimwonyesha choo, kabati la dawa na mahali pa kuning'iniza koti. Mfumo nilimwambia, "Huu utauzoea."

Na kuna lingine ambalo hata wewe ulikuwa hulijui. Karatasi ya zamu huwa inasainiwa na msimamizi kila siku baada ya kuzihakiki dozi. Katika zile siku tano, tatu ni saini yangu. Nilisaini nimesimama, bila kuangalia. Saini zilikuwepo kwenye faili la tume tangu Januari, hakuna aliyeuliza, maana wote walikuwa wanatazama mstari mmoja tu, ule wa nani aliingiza dozi.

Yule binti aliniangalia kwa muda mrefu. Miezi mitano yuko nyumbani anajiona mwendawazimu, anajiuliza aliiona wapi ishirini na moja. Baada ya kikao nilimfuata. Akasema, "Ulikuwa unanipigia simu kila wiki kunipa pole." Akaondoka na baba yake. 

Mwishoni mwenyekiti alisema tume imejifunza mengi. Wakili wenu akasema kampuni nayo imejifunza. Mimi nilikuwa nimeshasema nimejifunza. Ndipo fundi akainua mkono, hakusubiri ruhusa. Akasema, "Mmesema mara tatu mmejifunza. Anayejifunza ni mwanangu. Anajifunza kuniita kwa kunivuta nguo."

Binti amerudishwa kazini, ameomba asipangwe nami. Mimi nimeondolewa usimamizi, niko stoo ya dawa, nahesabu maboksi. Kampuni yenu imeamriwa irekebishe kosa na iziandikie hospitali zote. Wiki hii toleo jipya limeingia. Ukimfungua mgonjwa, kisanduku cha uzito kinakuwa kitupu, hakikokotoi mpaka umpime na uandike upya. Wauguzi wanalalamika kinawachelewesha. Wacha kiwacheleweshe.

Fundi ana ombi moja. Anataka kumwona aliyeandika "Imefungwa". Si barua, ni mtu. Nimemwambia ni mdogo wangu. Akasema, "Kumbe mko nyumba moja." Chumba chake unakijua, nyuma ya posta. Kwangu usifike.

Dada yako

2 Septemba

Dada, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimesharudi. Kazi sina. Waliniacha nimalizie matengenezo, kisha wakanipa barua. Kabla ya kuondoka niliomba nizifungue upya taarifa zote nilizozifunga kwa maneno yale. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Nilipiga simu wodi moja baada ya nyingine. Wengine walinitukana, wengine hawakukumbuka. Thelathini na tisa zilikuwa hitilafu kweli. Ukiacha ile yenu, hakuna iliyomdhuru mtu bado, au tuseme sijaambiwa.

Jumamosi ya tarehe 23 Agosti nilikuja. Nililala nyumba ya wageni karibu na posta, na kwako sikufika kama ulivyotaka.

Fundi alikuwa anashona sare za shule. Nikajitambulisha. Hakuacha kukanyaga cherehani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayaanza, akanikatiza. "Ulipoandika 'mtumiaji'," akasema, "ulikuwa unamwona nani?"

Nikamwambia, sikuwa namwona mtu.

Akasema, "Basi mwone huyu." Akanipa mtoto mapajani, akarudi kwenye sare zake. Cherehani ile ina kelele, Dada, hata mimi ilinitetemesha meno. Mtoto hakupepesa jicho. Alikuwa ameshughulika na vifungo vya shati langu, anavihesabu kwa kidole. Nilikaa hivyo karibu saa nzima. Hakuniambia amenisamehe, wala hakuniambia niende.

Nilipoaga ndipo akasema kuna fomu ya kwenye mtandao ya shule ya watoto wasiosikia, wanaanza na miaka miwili. Amejaribu kuijaza kwa simu yake mara sita, inamkataa. Nikafungua mdomo kumwambia atakuwa anakosea mahali. Dada, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalirudisha. Nikamwambia, "Jaza mwenyewe, nione unavyofanya."

Akajaza. Taratibu, kidole kimoja, hakukosea hata sehemu moja. Alipofika kwenye jina la baba akaacha wazi, kwa sababu hakuna wa kuandika hapo. Akabonyeza kutuma. Fomu ikarudi imeandikwa kwa rangi nyekundu: taarifa ulizojaza si sahihi. Haikumwambia ni ipi wala kwa nini. Mara sita alikuwa anarudi kusahihisha tarehe ya kuzaliwa, akidhani amesahau siku aliyomzaa mwanawe.

Jumatatu nilikwenda naye shuleni. Mwalimu mkuu hakuwa na habari kwamba fomu yao inakataa, alikuwa akishangaa kwa nini mwaka huu waombaji ni wachache. Akamwandikisha mtoto kwa kalamu. Nikabaki nao kuirekebisha fomu, siku mbili. Tuliwatafuta waliokwama, wakapatikana kumi na wanne.

Kwamba ulitoa ya kwako mbele ya tume, fundi naye alinisimulia, vile vile ulivyoniandikia. Sitakupongeza. Ungeyasema Februari, nami ningeyasema Februari, yule binti asingekaa miezi mitano nyumbani. Tuligombea nani aanze.

Mama usimwambie nilikuwa mjini.

Mdogo wako

20 Septemba

Mdogo wangu,

Mama alijua siku ile ile. Yeye na mwenye nyumba ya wageni wanasali pamoja. Alikuja stoo kwa miguu, na goti lake hilo, akanikuta juu ya ngazi kati ya maboksi, akaniuliza nimemfanya nini mdogo wangu mpaka analala kwa watu. Nikamweleza yote, tangu Agosti ile. Alikaa juu ya boksi la glavu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema amezaa watu wawili wenye akili, na hakuna hata mmoja aliyemfundisha kusema "nimekosea" kwa chini ya miezi sita, kwa hiyo kosa ni lake. Nikamwambia si lake. Akasema nisimfundishe.

Nimesikia kuhusu shule. Fundi alinipitia, amempeleka mtoto wiki ya kwanza. Hakuingia stoo, alisimama mlangoni. Aliniambia tu kwamba mwalimu amempa mtoto jina la ishara, la kumwita kwa mkono: unagusa kifungo cha shati. Sikujua kwa nini. Sasa nimesoma barua yako, najua, na ningependa nisingejua.

Umesema tuligombea nani aanze. Ni kweli, na bado nina hasira nawe. Ile barua ya Februari nimeiweka peke yake, sijui nitaifanya nini. Wewe nawe hasira zako unazo, zinasomeka. Lakini hizi barua zinachukua wiki mbili, tatu kufika, na kila nikifungua yako nakuta ninajibu mtu ambaye ameshabadilika, na wewe unamjibu mtu ambaye hayupo tena.

Ukija Desemba lala hapa. Sijasema nimekusamehe. Tutagombana ana kwa ana, Mama akisikiliza.

Dada yako